Bustani Katika Kiwanja Kisicho Changu

Sisi tuliosoma katika shule zilizoanzishwa na wamisionari tulifundishwa mambo mengi mema, na kwa hayo twashukuru. Walakini lipo jambo moja tulilojifunza bila kufundishwa na mwalimu yeyote, nalo ni kwamba jembe ni adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa kengele alipimiwa kipande cha nyasi akafyeke. Aliyepiga kelele wakati wa masomo ya jioni alionyeshwa kisiki akaking'oe. Na yule aliyepata alama nzuri alibaki darasani, mikono yake safi, akitutazama dirishani. Si ajabu basi kwamba wengi waliotoka katika shule hizo wakaingia maofisini huhesabu mikono laini kuwa ni cheti cha pili. Msomaji akitaka ushahidi, na apite Jumamosi moja nyuma ya nyumba za watumishi wa serikali katika mji wowote wa nchi yetu. Mbele ataona maua na mlango uliopakwa rangi. Nyuma ataona kichaka.

Nataka kueleza habari za kichaka kimoja cha namna hiyo, jinsi kilivyogeuka kuwa bustani ilishayo jamaa nzima, pasipo mbolea ya dukani wala dawa ya sumu, na tena juu ya ardhi ambayo si mali yangu wala haitakuwa. Neno hili la mwisho ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni karani wa serikali, umri wangu miaka 36, nina mke na watoto watatu. Mwezi wa Januari, 2022, tulipewa nyumba ya serikali mjini Kakamega. Nyumba ilikuwa nzuri. Nyuma yake palikuwa na kiwanja cha hatua 20 kwa hatua 14, ambacho kwa miaka mingi hakuna mpangaji aliyekigusa ila kwa kutupa taka. Kakamega ni mahali pa mvua. Kwa mwaka hunyesha kadiri ya milimita 1,900, na palipo na mvua kama hiyo ardhi haikubali kukaa uchi. Ikiwa mtu hakupanda, ardhi hujipandia yenyewe. Basi majani yalikuwa yamenifika kifuani. Chini yake mlikuwa na sangari iliyofumana kama mkeka, ndago, kishona nguo, na mimea mingine ambayo sikuijua jina. Watoto walikatazwa kufika huko kwa ajili ya nyoka, na mke wangu alianika nguo upande wa barabarani.

Mashauri yalikuja kabla sijayaomba. Rafiki yangu mmoja wa ofisini, mtu mwema kabisa, aliniambia, "Bwana, kwa nini ujitese? Nunua dawa ya kuua magugu, lita moja tu, na baada ya majuma mawili utaona pamekauka pote." Jirani wa upande wa pili alisema kwamba kiberiti ni rahisi kuliko dawa, ningoje tu siku ya jua kali.

Nikayapima mashauri hayo mawili. Juu ya dawa, nilijua kwamba ile itumiwayo zaidi, iitwayo glaifoseti, iliwekwa mwaka 2015 na shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani katika orodha ya vitu vinavyoelekea kuleta kansa. Ni kweli kwamba mamlaka nyingine za nchi mbalimbali hazikukubaliana na uamuzi huo, na mabishano hayo hayajaisha. Lakini mimi nilikuwa na mtoto wa miaka miwili ambaye kila akiokotacho hukitia kinywani, na tena chini kidogo ya ua wetu pana kisima ambacho jamaa tatu huteka maji. Sikuona sababu ya kungojea wataalamu wapatane ilhali jembe lipo. Juu ya moto, hesabu yake ni nyepesi. Majani yakiungua, ile naitrojeni iliyomo, ambayo ndiyo chakula kikubwa cha mboga, huenda zake na moshi, nasi twabaki na majivu tu. Na mizizi ya sangari, iliyo chini ya udongo, haijui hata kama pamewaka moto.

Siku ya tatu, nikiwa bado nashauriana na nafsi yangu, mama mmoja mzee alibisha hodi kwenye ua wa nyuma, ungo mkononi.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, mama. Habari za nyumbani?"

"Njema. Nimesikia ya kuwa wataka kupachoma mahali hapa. Nimekuja kukuomba, kabla hujapachoma, nichume mboga zangu."

"Zi wapi mboga, mama?"

Hakunijibu kwa maneno. Aliinama akaingia katikati ya majani, na kwa muda wa nusu saa akaujaza ungo wake: mnavu, mchicha, mgagani, na ule mrenda ambao watu wa Kakamega huuita murere. Alikuwa akichuma mahali hapo tangu miaka ya wapangaji watatu waliotutangulia, wala hakuna aliyemjua, maana hakuna aliyetoka nyuma ya nyumba. Alipomaliza alimpa mke wangu nusu ya machumo yake. Kisha akaniambia jambo ambalo nimeliweka moyoni: "Mahali panapoota mnavu mnene kama huu, mwanangu, udongo hauna njaa. Ukipachoma utaanza kuutia njaa wewe."

Jioni ile tulikula mboga hizo, zikipikwa kwa maji ya majivu ya maganda ya maharagwe kama ilivyo desturi ya nchi ile, na shauri likawa limekatika. Kilichokuwa nyuma ya nyumba yangu kilikuwa ghala iliyochanganyika na vurugu, na kazi yangu ilikuwa ni kuitengeneza, sawa na mtu aliyekabidhiwa chumba cha majalada yaliyotupwa ovyo. Karani mwenye akili hachomi majalada. Huyapanga.

Kwanza niliyasoma majani yenyewe, maana kila mmea husema habari za mahali ulipoota. Mnavu na mchicha hupenda udongo wenye samadi na taka zilizooza. Palipostawi mimea hiyo ndipo palipokuwa jalala la zamani la jikoni, na hapo ndipo nilipokusudia kuweka mboga za kwanza. Kishona nguo ni mmea wa kuheshimiwa kwa hofu: mmoja peke yake huweza kuzaa mbegu 3,000 na zaidi, na kila mbegu ina miiba ya kushika suruali ya mpita njia. Huo sharti ufyekwe kabla haujakomaa. Sangari haitegemei mbegu, bali hutambaa chini ya udongo kwa mizizi myeupe, na kila kipande chenye kifundo huweza kuwa mmea mpya. Mtu anayeikata kwa jembe la bapa huizidisha badala ya kuipunguza. Ndago nayo huweka vijikonyo chini ya ardhi, kimoja kimefungana na kingine kama shanga, hata ukivuta jani hukatika na kuiacha hazina yake salama.

Kwa sababu hiyo sikununua panga jipya wala jembe la bapa, bali jembe la meno. Kila asubuhi tangu saa kumi na mbili hata saa moja na robo, na kila Jumamosi tangu kucha hata adhuhuri, nilikuwa kiwanjani. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama Jumamosi saba. Udongo nikiutikisa kwa meno ya jembe, mizizi ya sangari ikatoka mizimamizima, nikaitandaza juu ya mabati ya zamani ikauke juani. Baada ya majuma mawili ilikuwa imekufa kabisa, ikavunjika mkononi kama tambi. Tulipata magunia 14 ya mizizi hiyo. Mke wangu alisema kwamba kama sangari ingekuwa na soko tungejenga nyumba.

Mlikuwa na taka nyingine ambazo ardhi haiwezi kuzila. Tuliokota chupa zilizovunjika, vyuma, na mifuko mingi ya plastiki, ile ambayo ilipigwa marufuku katika Kenya tarehe 28 Agosti, 2017. Ilikuwa imekaa chini ya udongo miaka kadhaa, na maandishi yake yasomeka. Katika pembe moja tulikuta betri kuukuu za redio na tochi, zimepasuka. Tulizitoa kwa mikono iliyovikwa mifuko, nazo hazikuingia katika rundo la mbolea, na mahali pale sikupanda chakula. Pamepandwa maua tu. Makopo yaliyojaa maji tuliyamwaga na kuyaondoa, maana mbu hawazaliwi majanini kama wengi wasemavyo, huzaliwa majini.

Sasa nieleze rundo la mbolea, kwa kuwa ndilo moyo wa habari hii. Njia hii ina historia ndefu. Mwingereza mmoja, Albert Howard, alifanya kazi ya utafiti wa kilimo katika Bara Hindi, na kati ya mwaka 1924 na 1931 akiwa Indore alitengeneza taratibu ya kuozesha majani na samadi, akijifunza mengi kwa wakulima wa nchi ile. Mwaka 1933 shamba moja la kahawa karibu na Kiambu lilianza kutumia taratibu hiyo, na hivyo Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuijaribu. Tangu mwaka 1986 iko pia taasisi ya kilimo hai hapa nchini ambayo imewafundisha wakulima wadogo kazi hii. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba ni jambo la wageni lililoletwa jana.

Rundo langu nililiweka chini ya kivuli cha mparachichi. Upana wake futi 5, na urefu wa kwenda juu futi 4, maana rundo dogo halipati joto. Chini kabisa nilipanga mabua ya mahindi na vijiti, ili hewa ipite. Juu yake majani makavu, kisha majani mabichi yaliyofyekwa kabla ya kuzaa mbegu, kisha samadi ya ng'ombe kiasi cha kuyafunika, kisha majivu kidogo, kisha udongo wa juu mkono mmoja mmoja. Na tena majani makavu, hata rundo likafika kimo chake. Kila tabaka ilinyunyiziwa maji. Mwishowe nililifunika kwa majani ya migomba na kuchomeka katikati yake fimbo ndefu. Fimbo hiyo ndiyo kipimajoto cha maskini. Siku ya nne ukiivuta, sharti iwe ya moto kiasi cha kutoshikika kwa raha. Ikiwa baridi na kavu, rundo lataka maji. Ikiwa baridi na yanuka, lataka hewa. Joto la rundo likipita digrii 55 na kudumu siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu hufa ndani yake, mradi rundo lipinduliwe ili yaliyokuwa nje yaingie ndani. Nililipindua juma la tatu na juma la sita. Baada ya miezi mitatu niliufunua udongo mweusi, laini, wenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Pamoja na samadi nilipata msaada ambao haukunigharimu senti moja. Kando ya barabara nyingi za Magharibi ya Kenya hukua ua la njano, chungu, lifananalo na alizeti, ambalo wataalamu huliita Tithonia. Asili yake ni Meksiko na nchi za jirani zake, nasi tunalipanda kama ua wa boma au kulifyeka kama adui. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Maseno na mahali pengine pa upande huo walipima majani yake wakaona kwamba katika kila kilo 100 za majani makavu mna kadiri ya kilo tatu na nusu za naitrojeni na kilo nne za potasi. Mimi niliyatumia kwa njia mbili. Mengine niliyakatakata nikayafukia kitandani juma moja kabla ya kupanda. Mengine niliyaloweka katika pipa la maji siku 14, nikikoroga kila jioni, kisha nikayachuja na kuongeza maji hata rangi ikawa kama chai nyepesi. Maji hayo hunyweshwa mbogani. Harufu yake si ya kusimulia, lakini sukuma wiki haina pua.

Faida ya jambo hili ilionekana wazi mwaka ule ule. Katika 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000 madukani, na wakulima wengi walipanda mahindi bila kitu. Mwezi wa Septemba serikali ilisaidia ukashuka hadi shilingi 3,500, na hata hivyo bei hiyo si ndogo kwa mtu wa ekari moja. Sisemi kwamba rundo la nyuma ya nyumba litalisha ekari kumi za mahindi. Nasema kwamba kwa bustani ya mboga halina mshindani.

Vitanda nilivipima upana wa futi 4, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila mguu kukanyaga udongo, na nililima kwenda chini futi 2. Sehemu iliyokuwa na sangari nyingi sikuipa mboga mwaka wa kwanza. Niliipa viazi vitamu, maana majani yake hutandaa yakaitia kivuli ile mizizi iliyosalia, nayo sangari haipendi kivuli. Vitanda vingine vilipata sukuma wiki, vitunguu, dania, kunde, na katika kitanda kikubwa kuliko vyote zile mboga za yule mama mzee. Yeye mwenyewe alileta mbegu za miroo katika fundo la leso, akatuonyesha jinsi ya kuzimwaga kwa kuzichanganya na mchanga ili zisirundikane. Kila palipovunwa mboga ya majani niliweka jamii ya kunde, ili udongo upumzike na kurudishiwa chakula chake.

Wadudu walikuja, kama wajavyo kila mahali. Vidukari walijaa chini ya majani ya sukuma wiki. Nilinyunyiza maji ya sabuni na majivu, lakini msaada mkubwa ulitoka kwa wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni, ambao huwala vidukari mchana kutwa. Walifika wenyewe kwa kuwa hapakuwa na sumu ya kuwaua. Walifuata vinyonga, vyura, na ndege. Na kila nilipogeuza udongo nilikuta nyungunyungu, wale watumishi wasiodai mshahara, mahali ambapo mwaka uliopita palikuwa pagumu kama sakafu.

Kwa kuwa kazi yangu ni ya vitabu vya hesabu, niliandika kila senti. Jembe la meno shilingi 1,000, keni ya kunyweshea 600, mbegu 450, mikokoteni minne ya samadi 1,200. Jumla 3,250. Kabla ya bustani tulinunua mboga za shilingi 420 kwa juma; kuanzia mwezi wa sita tulitumia 100 tu. Kwa mwaka mzima hiyo ni akiba ya shilingi 16,000 na zaidi, ambayo kwa nyumba ya karani ni karo ya mtoto kwa muhula.

Katika mwaka wa pili wa bustani yetu ikaja mvua ya mawe. Watu wa Kakamega wanaijua mvua hiyo. Kwa dakika 20 ilipiga mboga zote hata pakabaki mashina yaliyochanika. Jirani zetu walisikitika pamoja nasi, na yule rafiki yangu wa ofisini alikuja kunipa pole, nayo pole yake ilikuwa na swali ndani yake. "Bwana," alisema, "mimi husema kila siku. Nyumba si yako, kiwanja si chako. Mvua isipokinyang'anya, barua ya uhamisho itakinyang'anya. Unamlimia nani?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi kuliko mvua yenyewe. Juu ya mvua, jibu lilikuja upesi: udongo ulikuwa umebaki mahali pake, umefunikwa na matandazo, haukuchukuliwa na maji, na baada ya majuma matatu mashina yalichipuka tena. Lakini juu ya barua sikuwa na la kumjibu, maana alisema kweli. Mtumishi wa serikali ni msafiri. Nilitazama nyumba 12 zilizo katika mstari wetu, na nyuma ya nyumba 11 mlikuwa na kichaka, na sababu ya kila kichaka ilikuwa ni swali hilo hilo. Kila mpangaji alikuwa amengoja kiwanja kiwe chake ndipo akilime, na hivyo kila mmoja alimwachia mwenzake magugu yaliyozidi, na mbegu 3,000 za kishona nguo, na betri.

Barua ilikuja. Mwezi wa Machi, 2025, niliandikiwa kuhamia Machakos. Mke wangu aliisoma akaenda kusimama katikati ya vitanda, wala hakusema neno. Miaka mitatu ya kazi yetu ilikuwa pale chini, nasi hatukuweza kuifunga katika lori. Sitaficha kwamba niliona uchungu, na kwa siku chache sikushika jembe.

Kisha nikakumbuka kwamba ofisini hakuna kitu chochote kilicho changu. Meza si yangu, mhuri si wangu, majalada si yangu. Na hata hivyo hakuna mtu aniulizaye kwa nini nayapanga vizuri. Karani akihama huandika hati ya makabidhiano, ili ajaye asianze gizani, na karani asiyefanya hivyo huitwa mzembe. Kama ndivyo ilivyo kwa karatasi, ambazo baada ya miaka fulani huchomwa kwa ruhusa, je, si zaidi kwa udongo?

Basi nikaandika hati ya makabidhiano ya bustani, kurasa mbili, kwa mwandiko wa kazini. Niliandika kitanda gani kimepandwa nini na tarehe gani. Rundo la pili lapasa kupinduliwa siku gani. Sangari ingali imejificha wapi. Pembe ile yenye maua isipandwe chakula, na kwa sababu gani. Mwisho niliandika kwamba kila Jumamosi asubuhi atafika mama mmoja mzee mwenye ungo, naye anayo haki ya kuchuma katika kitanda kikubwa, haki iliyo ya zamani kuliko yetu sote.

Aliyepewa nyumba baada yangu alikuwa kijana, amemaliza masomo si muda mrefu. Niliikabidhi hati pamoja na funguo. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akaniuliza kwa adabu, "Na mimi nikihamishwa, mzee?"

"Utaandika ya kwako," nilimwambia.

Yule mama mzee alipokuja kuaga hakutoa machozi wala hotuba. Alimpa mke wangu fundo la leso lenye mbegu za mnavu, mrenda na miroo, akamwambia azipande mahali pa kwanza atakapopata maji.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mna mashamba yenu wenyewe, na haya yote huenda mnayafanya. Lakini ninyi makarani wenzangu, walimu, askari na wauguzi, mnaoishi katika nyumba za serikali au za kupanga, nawasihi msingoje hati ya kumiliki ardhi ndipo mwanze. Anzeni na kitanda kimoja cha futi 4 kwa futi 10. Msichome majani, yarundikeni. Msiyatupe maganda ya viazi na majani ya chai. Kabla hamjafyeka, mwiteni mzee yeyote wa mahali hapo atembee naye kiwanjani, awaonyeshe kilicho chakula. Na siku mtakapoondoka, andikeni mlichokifanya.

Huku Machakos mambo ni mengine. Udongo ni mwekundu na mgumu, na mvua ni chache kuliko Kakamega. Wakulima wa huku hutegemea zaidi ile ya Oktoba hadi Desemba. Vitanda havipandishwi juu, huteremshwa chini kidogo ya usawa wa ardhi ili vishike kila tone, na matandazo huwekwa manene. Kiwanja nilichokikuta nyuma ya nyumba kina miiba, makopo, na majani makavu ya miaka mingi. Makopo tumekwisha kuyaondoa. Majani yamekuwa rundo la kwanza, fimbo imo ndani yake, na asubuhi ya leo nilipoivuta ilikuwa ya moto. Jumamosi ijayo tutalipindua.